Wilson Hata Lamu: Jinsi Ndege Ipimwavyo Kama Mizani

Wasomaji wengi wamezoea kuziona ndege zikipita juu ya mashamba yao, nao hunyanyua vichwa, wakazitazama kitambo, kisha wakarudia majembe yao. Wengine, hasa makarani na waalimu, wamekwisha kusafiri ndani yake mara moja au mbili. Walakini ni wachache waliopata kujiuliza swali hili: Je, ni nani ajuaye kwamba mzigo ule wote utachukulika? Gari likizidishiwa mzigo hulalamika, springi zake hushuka, na likishindwa na kilima husimama tu, abiria wakateremka na kulisukuma. Ndege haina nafasi ya kusimama mawinguni ili watu waisukume. Kwa hiyo hesabu yake haina budi kumalizika ingali chini. Mimi nilijifunza jambo hili katika safari yangu ya mwezi wa Januari kutoka Nairobi hata Lamu, tena nilijifunza kwa aibu, nami naona ni vema niwaeleze wenzangu ili wasilirudie kosa langu.

Sababu ya safari yangu ilikuwa hii. Mwanangu ni mkulima huko Mpeketoni, katika bara ya Lamu. Jua la Januari katika nchi ile ni kali, na miche yake ya nyanya na pilipili ilikuwa inakauka kwa kuwa vyuma vya ndani ya pampu yake ya maji vilikuwa vimevunjika. Alinitumia nauli ya ndege, akaniomba nimnunulie vyuma vipya mjini Nairobi nimpelekee upesi. Nikavinunua, nikavifunga katika mfuko mmoja pamoja na nguo zangu chache. Nilipoupima mfuko huo kwa mizani ya duka la jirani, nikaona una uzito wa kilo 24.

Uwanja wa Wilson uko kando ya barabara ya Langata, si mbali na katikati ya jiji, na upande wa kusini yako mapori ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Jina lake limetokana na Bibi Florence Kerr Wilson, ambaye mwaka 1929 alianzisha shirika la ndege lililoitwa Wilson Airways. Shirika hilo lilikoma vita vilipoanza mwaka 1939, lakini uwanja ulidumu, na mwaka 1962 ukapewa jina la bibi huyo. Hapo ndipo penye ndege za madaktari wa AMREF, kazi iliyoanzishwa mwaka 1957 ili wagonjwa wa nchi za mbali wafikiwe upesi. Ndege kubwa ziendazo Ulaya na Bara Hindi hutumia uwanja mwingine, ule wa Embakasi. Wilson ni uwanja wa ndege ndogo, nazo hupaa na kutua tangu alfajiri hata jua linapokaribia kuchwa, zikipeleka watu Mara, Lodwar, Wajir na pwani.

Nilipofika niliwakuta abiria wenzangu wamepanga mstari mbele ya mizani. Sharti la safari lilikuwa limeandikwa waziwazi katika tikiti: kila mtu achukue mzigo wa kilo 15, usizidi. Mimi nilikuwa nimekwisha kujitengenezea ujanja wangu. Vyuma vidogo nilikuwa nimevitia katika mifuko ya koti langu kubwa, na kile kizito kupita vyote nilikifunga ndani ya kanga niliyomnunulia mkaza mwanangu, nikakishika mkononi kana kwamba ni zawadi nyepesi. Kilo 9 zilihama namna hiyo. Mfuko wangu ulipowekwa juu ya mizani, sindano ikasimama sawasawa juu ya 15, na karani akanisifu kwa kushika sharti.

Kisha akaniuliza, “Na wewe mwenyewe, Mzee, una uzito wa kilo ngapi?”

Nikamjibu bila kusitasita, “Sabini.”

Kweli nilikuwa na kilo 70 wakati nilipoacha kazi ya ukarani. Tangu siku hizo nimekula viazi vya shamba langu kwa miaka mingi, na mwezi uliotangulia mizani ya zahanati ilikuwa imenionyesha 84. Lakini niliogopa nikisema kweli nitatozwa fedha. Karani akaandika 70. Nikaondoka pale nikijiona mwerevu.

Ndege yetu ilikuwa ya namna iitwayo Cessna Caravan, yenye injini moja na rafadha moja mbele, na mabawa yaliyo juu ya paa, hata abiria aweza kusimama chini ya bawa kama chini ya baraza. Jambo la kwanza nililolistaajabia ni nguzo fupi ya chuma iliyosimamishwa chini ya mkia. Nilidhani mkia umevunjika. Mpakizi mmoja alinieleza kwamba nguzo ile huwekwa wakati wa kupakia, maana mlango wa mizigo uko nyuma, na watu wakiingia na mizigo ikiwekwa nyuma kabla ya mbele kujaa, ndege yaweza kukaa kitako na pua ikaelekea mbinguni.

Tuliambiwa tungoje kidogo. Lilikuwa linaletwa sanduku la dawa kwa ajili ya wagonjwa wa Lamu, ambalo nafasi yake ilikuwa imeombwa tangu jana. Basi tukakaa katika kivuli cha bawa. Rubani wetu mkuu alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu, naye alishika karatasi iliyojaa tarakimu. Nikamsalimu, nikamwuliza, “Kapteni, mwanangu, kwa nini mnatupima kama kahawa inayopelekwa kiwandani?”

Hakukasirika. Alicheka, akaigeuza karatasi moja kuukuu, akanichorea. Nami nitajaribu kuyaeleza maneno yake kama nilivyoyafahamu.

Alisema kwamba katika kupakia ndege kuna maswali mawili, wala jibu la moja halitoshi. Swali la kwanza ni: uzito wote ni kiasi gani? Swali la pili ni: uzito huo umekaa wapi?

Kwa swali la kwanza alinionyesha hesabu ya siku ile. Mtengenezaji wa ndege ile ameweka mpaka: wakati wa kupaa isizidi kilo 3,969. Ndege tupu pamoja na viti na vifaa vyake ilikuwa kilo 2,250. Marubani wawili, kilo 160. Mafuta yaliyotiwa ni lita 600, na kwa kuwa lita moja ya mafuta hayo yapata uzito wa kilo 0.8, basi ni kilo 480. Ukijumlisha, unapata 2,890. Zilibaki kilo 1,079 za abiria na mizigo yao. Abiria tulikuwa 12, na uzito wetu kama tulivyoutaja wenyewe ulikuwa 864. Mizigo yetu, kilo 15 kwa kila mtu, ni 180. “Sasa, Mzee,” akasema, “zimebaki kilo 35. Sanduku la dawa ni kilo 30. Zitabaki 5 tu.”

Nilihisi jasho, wala halikuwa la jua.

Nikamwuliza, “Je, haiwezekani kupunguza mafuta kidogo, ili mzigo uongezwe?” Akajibu kwamba mafuta yale hayakutiwa kwa kukisia. Kuna ya kufika Lamu. Kuna ya kwenda uwanja mwingine, kama Malindi, ikiwa Lamu imefungwa na mvua au uwanja wake umezibwa. Tena kuna akiba ambayo haiguswi ila kwa dharura. Mwenye kupunguza mafuta ili apate nafasi ya mzigo anauza akiba ya mbegu kabla ya mvua kunyesha.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua ijapokuwa nimeishi nyanda za juu maisha yangu yote. Uwanja wa Wilson uko juu ya bahari yapata futi 5,500, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Bawa huinuliwa na hewa, rafadha huvuta kwa kuisukuma hewa, nayo injini hupumua hewa. Hewa ikiwa nyepesi vyote vitatu hudhoofika pamoja, na ndege huhitaji kukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Jua la mchana huzidi kuifanya hewa kuwa nyepesi. Hii ndiyo moja ya sababu ndege nyingi ndogo zenye mzigo kamili hupenda kuondoka asubuhi. Ndege ile ile yenye mzigo ule ule ingepaa kwa urahisi zaidi kutoka Lamu, ambako uwanja uko karibu sawa na bahari.

Ndipo akaja kwenye swali la pili, nami hapa naomba msomaji anifuate polepole, kwa kuwa ndilo lenye maana kuu.

Kila mkulima aliyewahi kufunga gunia la viazi nyuma ya baiskeli yake anajua jambo hili. Gunia likikaa nyuma mno, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hauishiki njia, na penye kilima baiskeli hutaka kusimama wima kama farasi. Kadhalika mchukuzi wa mzegazega, mwenye kuweka mti begani na madebe mawili ya maji huku na huku, lazima atafute mahali pa mti panapolingana na bega lake. Akikosea, debe moja litashuka na jingine litapaa. Watoto wanaocheza pembea ya ubao wanajua pia: mtoto wa kilo 40 akiketi mita 1 kutoka kwenye egemeo, atalingana na mtoto wa kilo 20 aliyeketi mita 2. Uzito ukizidishwa kwa umbali ndio nguvu yake. Mara moja 40 ni 40, na mara mbili 20 ni 40.

Hivyo ndivyo hesabu ya rubani ilivyo. Huchukua mstari mmoja wa kuanzia kupimia, kisha kila kitu kilichomo ndani ya ndege, yaani mtu, mfuko, sanduku na mafuta, huzidisha uzito wake kwa umbali wake kutoka mstari ule. Hujumlisha majibu yote, akagawanya kwa uzito wote wa ndege. Jibu linalotoka ni mahali ambapo ndege yote ingeweza kuning'inizwa kwa kamba moja isiiname mbele wala nyuma. Mahali hapo ndipo kitovu cha uzito. Mtengenezaji ameweka mipaka miwili, wa mbele na wa nyuma, na kitovu hakina ruhusa kuivuka. Na katika ndege ile ikiwa imejaa, nafasi iliyo kati ya mipaka hiyo haifiki shibiri moja.

“Shibiri moja?” nikamwuliza, maana ndege yenyewe ina urefu wa zaidi ya mita 12.

“Haifiki,” akasema. Akanionyesha kwa macho bwana mmoja mnene, mfanya biashara, aliyekuwa ameandikiwa kiti cha nyuma kabisa. Bwana huyo alikuwa amesema kweli bila haya kwamba ana kilo 110. Kapteni akazidisha: akihama mita 3 kutoka mbele kwenda nyuma, 110 mara 3 ni 330. Ukigawanya kwa uzito wa ndege wa kilo 3,900 hivi, kitovu kimesogea sentimita 8 na nusu. Mtu mmoja kubadili kiti chake tu!

Nikauliza, na kitovu kikivuka mpaka, huwaje? Alisema hivi. Ikiwa kimekwenda mbele mno, pua huwa nzito. Rubani huvuta usukani kwa nguvu ili pua ipande, na mkia hulazimika kuikandamiza hewa kuelekea chini zaidi, hata mabawa yakabeba uzito wa ndege na kandamizo la mkia pia. Ndege hukimbia mbali kabla ya kupaa, hula mafuta mengi, na wakati wa kutua pua huenda ikakataa kuinuka ikagonga chini kwa gurudumu la mbele. Hilo ni baya. Ikiwa kimekwenda nyuma mno, ni baya zaidi. Ndege huwa haitulii, kila mguso mdogo wa usukani huitupa, na pua hutaka kupanda yenyewe. Pua ikipanda kupita kiasi, mwendo hupungua, mabawa huacha kushikwa na hewa, na dawa ya pekee ni kuishusha pua ili mwendo urudi. Lakini mkia ukiwa mzito, pua haishuki. Rubani husukuma usukani hata mwisho wake, na ndege haimtii.

Aliyasema hayo kwa upole, kama mwalimu asemavyo na mwanafunzi anayempenda. Hakujua kwamba mwanafunzi wake amesimama mbele yake na vyuma vya pampu mifukoni.

Wakati ule ule mkokoteni ukaja na sanduku la dawa. Nikapiga hesabu yangu ya karani. Kilo 14 za mwili wangu nilizozificha, na kilo 9 za vyuma, ni 23. Nafasi iliyobaki ni 5. Tumezidi kwa kilo 18, wala hakuna ajuaye ila mimi. Nasema kweli, msomaji, nilitaka kunyamaza. Nilijiambia kwamba kilo 18 ni kitu gani mbele ya ndege ya kilo elfu nne? Nilimfikiri mwanangu na miche yake. Nikafikiri pia juu ya wale wenzangu, na jinsi watakavyonitazama. Lakini nikaliona jicho la binti yule likipita juu ya tarakimu zake mara ya mwisho, akitaka kutia sahihi jina lake chini ya uwongo wangu.

Nikasema, “Kapteni, ngoja.” Nikavua koti, nikalitandaza juu ya majani, nikaanza kutoa vyuma kimoja kimoja. Kisha nikaifungua kanga. Kisha nikasema, “Na mimi si sabini. Mimi ni themanini na nne.”

Abiria wengine walicheka, na wengine walikunja nyuso. Kapteni hakucheka. Alisema tu, “Asante, Mzee. Sasa hesabu yangu itakuwa ya kweli.”

Nilimwuliza kama ndege ingeanguka kwa ajili yangu. Hakunitia hofu ya bure. Alisema kilo 18 peke yake pengine zisingeiangusha. “Lakini mimi sikujua kama ni wewe peke yako,” akasema. “Kama kila abiria angefanya kama wewe, 12 mara 23 ni 276. Hao ni watu watatu wazima na zaidi, wamekaa ndani ya ndege yangu bila kuandikwa, wala sijui wameketi wapi.” Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Ikabidi kitu kishuke. Dawa haikuweza kushuka, wala mtu hakuweza kuachwa kwa kosa lisilo lake. Mfuko wangu wa kilo 15 na vyuma vya kilo 9 vikateremshwa, navyo vikapewa karatasi ya kusafiri kwa ndege ya kesho yake. Nilibaki na kanga tupu. Bibi mmoja wa Lamu, aliyekuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho na sasa anarudi kwao, alinishika mkono akasema, “Mwanangu, chuma kitangoja hadi kesho. Mgonjwa hajui kungoja.” Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukaingia pamoja.

Tena hatukuingia ovyo. Wa viti vya mbele walitangulia. Yule bwana mnene alihamishiwa kiti cha mbele, akafurahi sana kwa kuwa ataona njia. Sanduku la dawa liliwekwa upande wa mbele wa lile tumbo la mizigo lililo chini ya ndege, si nyuma. Mifuko ya nyuma ikafungwa kwa wavu. Nguzo ya mkia ikaondolewa. Kapteni akarudia hesabu yake yote tangu mwanzo, kisha ndipo akatia sahihi.

Saa tatu na nusu tulipaa. Nyumba za Langata zilishuka chini yetu, kisha mbuga, kisha nyanda za Athi. Baada ya hapo tuliiona Yatta, mgongo ule wa mawe ya volkano uliolala katika nchi ya Ukambani, wenye urefu wa karibu kilomita 300, sawa juu kama meza. Nchi ikawa kavu na nyekundu, na njia za ng'ombe zikaonekana kama nyuzi. Hatimaye tukauona Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukijipinda na kujikunja katikati ya ukanda wa miti mibichi, kisha ukagawanyika katika mabwawa na mikoko, na mbele yake bahari. Kutoka Wilson hata Lamu kwa mstari wa ndege yapata kilomita 460. Njia nzima hakuna mtu aliyebadili kiti, nami nilikaa kama mwanafunzi siku ya mtihani.

Uwanja wa ndege hauko Lamu yenyewe, bali uko katika kisiwa cha Manda, na msafiri huvuka mlango wa bahari kwa mashua. Hapo nilistaajabu tena. Nahodha wetu, kijana asiyekuwa na karatasi wala kalamu, alitutazama mara moja tu akaanza kutupanga: “Mzee, kaa katikati. Bibi, njoo huku. Wewe bwana mkubwa, usikae tezini, njoo mbele.” Nilicheka moyoni, maana lilikuwa neno lile lile la Kapteni. Nilimwuliza jambo hilo alilijulia wapi, akaniambia kwamba babu zake walipokuwa wakisafiri na majahazi matupu walitia farumi ya mawe chini ili chombo kisilale, na kwamba farumi isiyopangwa vizuri ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Katika mashindano ya mashua huko Lamu, mabaharia hukaa juu ya ubao utokao nje ya ubavu wa chombo ili kuzuia tanga lisikilaze, nao husogea nje au ndani kwa kadiri ya upepo.

Hata mjini mambo ni hayo hayo. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, una njia nyembamba sana, na mizigo mingi hubebwa na punda. Pale karibu na ngome ya zamani, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, niliona mtu akijaza mchanga katika shogi za punda wake: koleo moja upande huu, koleo moja upande ule, bila kukosea, hadi zote mbili zikajaa. Angejaza upande mmoja kwanza, shogi lingegeuka na punda angeanguka. Elimu ya ndege, basi, si elimu ya kigeni kwetu. Wazee wetu waliijua kwa mikono, na marubani wameiandika kwa tarakimu.

Niliporudi nyumbani nilitafuta kusoma zaidi, nami nikaona kwamba jambo hili limekwisha kugharimu maisha ya watu hata katika nchi zenye viwanja vikubwa. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte nchini Marekani, ndege ya abiria ya namna ya Beechcraft 1900D ilipaa, pua ikapanda bila kuzuilika, ikaanguka, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waliona sababu mbili zilizokutana: kamba za kuongozea mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, hata rubani asiweze kuishusha pua kwa kadiri inayotakiwa, na kitovu cha uzito kilikuwa kimepita mpaka wa nyuma. Wala marubani hawakudanganya. Walitumia uzito wa wastani uliokubaliwa na serikali kwa kila abiria na kila mzigo, lakini watu wa siku hizo walikuwa wamenenepa kuliko ule wastani. Baada ya msiba huo wastani ule uliongezwa. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka ile sabini yangu.

Na tarehe 29 Aprili 2013, huko Bagram nchini Afghanistan, ndege kubwa ya mizigo ya Boeing 747 ilipaa ikiwa na magari mazito ya kijeshi. Vifungo havikutosha. Gari moja angalau liliponyoka likarudi nyuma, likavunja vyombo vya kuongozea mkia, na ndege ikaanguka pale pale. Watu wote 7 waliokuwamo walikufa. Basi kupanga mzigo mahali pake hakutoshi. Lazima pia ufungwe ubaki hapo hapo.

Vyuma vyangu vilifika Manda siku ya pili kama nilivyoahidiwa, na siku ya tatu pampu ya mwanangu ilitoa maji. Miche ya mistari miwili ilikuwa imekwisha kufa, mingine ilipona. Nilimweleza mwanangu sababu ya kuchelewa, bila kuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama dawa zile zilifika. Nikamwambia zilifika. Akasema, “Vema, Baba,” akaendelea kumwagilia.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kusafiri kwa ndege ndogo, ukiulizwa uzito wako utaje ule wa leo, si wa ujana wako. Usifiche mzigo mwilini wala mkononi. Ukionyeshwa kiti, kaa hapo hapo, na ukitaka kuhama uombe ruhusa kwanza. Na ukiambiwa mfuko wako ubaki, uuache kwa moyo mweupe, maana aliyekuambia hivyo amekwisha kuzidisha, kujumlisha na kugawanya kwa ajili ya maisha yako. Hata nyumbani, unapopakia mahindi katika lori au watu katika mtumbwi, jiulize yale maswali mawili ya Kapteni: uzito ni kiasi gani, na umekaa wapi?